Kisamvu, udongo wa matumbawe na bakteria wanaousaidia mmea kupata chuma

Dar es Salaam imekaa juu ya udongo wa aina nyingi, lakini kwa mtu anayelima nyuma ya nyumba tofauti inayoonekana upesi ni ile iliyopo kati ya wekundu wa Pugu na weupe wa pwani ya kaskazini. Ukitoka Gongo la Mboto kuelekea Pugu na Kisarawe unakutana na udongo mwekundu ambao malori huuchota na kuuleta mjini kujazia bustani; ukienda Kunduchi, Mbweni au Tegeta, ama ukivuka maji kwenda Kigamboni, kuna viwanja ambavyo jembe halizami sana kabla ya kugonga matumbawe. Kilima cha Wazo ni mwamba wa chokaa, na ndiyo maana kiwanda cha saruji kimekuwa kikizalisha hapo tangu 1966. Mimi naishi upande huo wa Tegeta, nalima mboga, mihogo na kunde kwenye kiwanja kisicho kikubwa, na swali ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu ni kwa nini mmea uleule, uliowekewa samadi ileile, unakuwa wa kijani kwa ndugu zangu wa Pugu na unapauka kwangu.

Sababu, kwa sehemu kubwa, ni chuma. Si kwamba chuma hakipo, kwa kuwa hiki ni elementi ya nne kwa wingi katika gamba la dunia, takriban asilimia 5 ya uzito wake, na hata udongo wangu mweupe unacho kingi kuliko mahitaji ya mihogo nitakayopanda maisha yangu yote. Shida ni hali kilichomo. Penye hewa, chuma huungana na oksijeni kikawa kutu, yaani oksaidi na haidroksaidi zisizoyeyuka kwenye maji, na mzizi hauwezi kunywa kitu kisichoyeyuka. Kiasi cha tindikali ndicho kinachoamua ni kiasi gani kitaachiliwa: kila pH ya udongo (kipimo cha tindikali, ambacho namba ndogo ni tindikali nyingi) inapopanda kwa hatua moja, ayoni huru za Fe3+, yaani chuma katika hali iliyomo kwenye kutu, hupungua takriban mara 1,000. Udongo wenye pH 5 na udongo wenye pH 8 vinaweza kuwa na chuma cha kulingana kwenye mizani ya maabara, lakini kwa mmea hizo ni nchi mbili tofauti kabisa. Udongo unaotokana na matumbawe hukaa karibu na 8, na juu ya hapo umejaa bikaboneti, kemikali inayotokana na chokaa ikikutana na maji na hewa ya ukaa, ambayo huizima tindikali ambayo mzizi hujaribu kuitoa ili kujisaidia.

Sisi wakazi wa jiji tumeongeza tatizo hili kwa mikono yetu. Viwanja vingi vimejazwa kifusi cha majengo, na kifusi hicho kina vipande vya zege na saruji vinavyoendelea kuachia chokaa kwa miaka mingi. Kisha tunamwagilia kwa maji ya visima virefu, ambayo sehemu nyingi za pwani ni magumu, yanayoacha utando mweupe ndani ya birika na kwenye bomba la kuogea. Kila ndoo ya maji hayo huongeza bikaboneti kidogo kwenye tuta. Mkulima anayeanza na udongo wa wastani anaweza kuuhamisha taratibu kuelekea kwenye alkali, kinyume cha tindikali, bila kuweka gramu moja ya chokaa kwa makusudi.

Dalili zake zinasomeka kwenye jani, mradi mtu ajue aanzie jani lipi. Chuma kikishatua kwenye jani hakihamishwi kwa urahisi kwenda kwenye jani jingine, kwa hiyo kikipungua, majani machanga ya juu ndiyo yanayoanza kuwa ya njano huku vishipa vyake vikibaki vya kijani, na hali ikizidi jani zima hugeuka karibu jeupe. Naitrojeni ni kinyume chake: mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kwa machanga, hivyo umanjano huanzia chini. Magnesiamu nayo huacha vishipa vya kijani, lakini huanzia kwenye majani ya zamani. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye amelima mihogo tangu kabla sijazaliwa, alinisimamisha baada ya masika akiwa amekasirika.

"Mwanangu, hii mihogo nimeiwekea urea mara mbili na bado imepauka. Wameniuzia mchanga dukani?"

"Shikamoo mama. Yalianza kupauka majani ya juu au ya chini?"

"Ya juu, haya machanga. Ya chini mbona mazima?"

Urea yake haikuwa na kosa. Mvua nyingi huosha naitrojeni, hilo ni kweli, na ndiyo maana kila mtu akiona umanjano baada ya masika anakimbilia mfuko wa urea. Lakini kwenye udongo wa chokaa mvua hufanya jambo la pili. Maji yanapojaa kwenye vinyweleo vya udongo, hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu haipati njia ya kutoka, nayo inayeyuka na kuzidisha bikaboneti. Upungufu wa chuma kwenye chokaa kwa hiyo huwa mbaya zaidi wakati udongo umelowa sana, jambo ambalo mtu hatarajii, hasa akiwa amewahi kusikia kwamba mabondeni kwenye mpunga tatizo ni chuma kuzidi. (Huko mabondeni maji hufukuza oksijeni, na udongo ukiwa wa tindikali chuma hugeuka kuwa Fe2+ inayoyeyuka hadi kuwa sumu. Ni kemia ileile katika mazingira tofauti.)

Mimea haikuumbwa bila njia za kujitafutia. Mnamo 1986, Volker Römheld na Horst Marschner, watafiti wa Ujerumani, walizipanga njia hizo katika makundi mawili ambayo bado yanafundishwa. Mimea mingi, mihogo, kunde, mchicha na karanga ikiwemo, hutoa tindikali kwenye mizizi, hutoa pia kemikali za jamii ya fenoli, kisha kimeng'enya kilichoko kwenye ngozi ya mzizi hubadilisha Fe3+ kuwa Fe2+, ambayo hupitishwa ndani kwa protini maalumu. Mimea ya jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, ngano na jamaa zao, haipiti njia hiyo. Hutoa molekuli zinazokamata Fe3+ ilivyo na kuirudisha mzizini zikiwa zimeishika. Njia ya nyasi haisumbuliwi sana na chokaa. Njia ya kwanza inasumbuliwa, kwa sababu tindikali ya mzizi inamezwa na bikaboneti kabla haijafanya kazi.

Katika hilo kuna jambo ambalo wakulima wetu wa pwani walilifanya bila kungoja maelezo ya mtu. Watafiti wa China, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000, walionyesha kwamba karanga zilizopandwa peke yake kwenye udongo wa chokaa zilikuwa za njano, na zilizopandwa zikichanganywa na mahindi, mizizi ikiingiliana, zilirudi kuwa za kijani. Molekuli zinazotolewa na mahindi hukamata chuma kwa ajili ya mahindi yenyewe, lakini jirani naye hufaidika. Bibi zetu waliochanganya mahindi na karanga kwenye shamba moja walikuwa na sababu zao nyingi, za chakula, za palizi na za kujihadhari na mvua isiyotabirika, wala sidhani walikuwa wakifikiria chuma. Hata hivyo, mtu anayeishi juu ya matumbawe na kung'ang'ania kupanda zao moja kwenye tuta kwa sababu linapendeza kwa mstari anajinyima msaada usiogharimu kitu.

Sasa bakteria. Gramu moja ya udongo wenye afya hubeba bakteria kwa mamia ya mamilioni, na wengi zaidi hukusanyika kwenye tabaka jembamba linalouzunguka mzizi, ambako mmea huvujisha sukari na asidi kutoka kwenye chakula ulichojitengenezea kwa jua. Mjerumani Lorenz Hiltner ndiye aliyelipa tabaka hilo jina la raizosfia mwaka 1904. Bakteria hao nao wanahitaji chuma, na wanakabiliwa na ukame uleule wa chuma unaoukabili mmea. Wengi wao hutengeneza molekuli ndogo ziitwazo siderofori, ambazo huzitoa nje ya mwili, zikaishika Fe3+ kwa nguvu kubwa mno, kisha wakazivuta ndani pamoja na mzigo wake. Jamii ya Pseudomonas hutengeneza siderofori yenye rangi ya njano inayong'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno, na maabara zina kipimo rahisi, kilichochapishwa na Bernhard Schwyn na J. B. Neilands mwaka 1987, ambamo bakteria huoteshwa kwenye chakula cha rangi ya bluu, na pale wanapotoa siderofori rangi hugeuka kuwa ya chungwa kwa sababu chuma kimeporwa kutoka kwenye rangi ile.

Neno kuporwa ndilo linaloeleza historia ya elimu hii. Mwaka 1980 Joseph Kloepper, Milton Schroth na wenzao wa Chuo Kikuu cha California walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba bakteria wa Pseudomonas wanaokaa mizizini huongeza ukuaji wa mimea kwa siderofori zao, na maelezo waliyotoa hayakuwa kwamba bakteria wanaulisha mmea chuma. Walisema kwamba bakteria hukomba chuma chote kilichopo karibu na mzizi, hivyo vijidudu vyenye madhara vinakosa chuma na kudhoofika. Msaada kwa mmea ulikuwa wa kuwanyima maadui zake. Mtu akikaa na maelezo hayo, swali linakuja lenyewe: kama bakteria wanakomba chuma kiasi cha kuwadhoofisha wengine, mmea wenyewe unapataje?

Swali hilo lilichukua muda kujibiwa, na jibu halikuja kutoka upande mmoja. Watafiti wa Ujerumani walipootesha mahindi na alizeti kwenye udongo uliouawa vijidudu vyote, na mingine kwenye udongo uleule ulio hai, mimea ya udongo uliouawa ilipata chuma kidogo zaidi na ikakua vibaya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000. Kwa hiyo mmea wenye njia zake zote nzuri bado unategemea vijidudu. Mwaka 2007 kundi la Ufaransa likaonyesha kwamba chuma kilichoshikwa na siderofori ya Pseudomonas kinaweza kuingia kwenye mmea mdogo wa majaribio, Arabidopsis, tena kwa ufanisi kuliko kile kilichoshikwa na EDTA, kemikali inayotumika katika mbolea za chuma za dukani. Na mwaka 2009 ikaja habari ambayo kwangu ndiyo ya kushangaza kuliko zote: bakteria aitwaye Bacillus subtilis, wa aina iliyopewa namba GB03, aliwekwa kwenye chombo kimoja na Arabidopsis bila kugusana nayo, na harufu alizotoa zilitosha kuiamsha mitambo ya mmea wenyewe ya kutafuta chuma. Mmea ulitoa tindikali zaidi, ukaongeza kile kimeng'enya cha kubadilisha Fe3+, na ukajikusanyia chuma zaidi. Bakteria huyo hakuuletea mmea chuma. Aliuchochea ujitafutie kama mmea wenye njaa ya chuma.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mtu wa Tegeta. Bakteria anayebeba chuma ni msaada wa aina moja. Bakteria anayeuchochea mmea kutoa tindikali ni msaada wa aina nyingine, na huo wa pili utakutana na bikaboneti ileile iliyoishinda tindikali ya awali. Kwenye udongo wa Kisarawe, wenye tindikali kiasi, kichocheo hicho kinaweza kuzaa matunda makubwa. Juu ya kifusi cha zege nina mashaka nacho, na natamani wauzaji wa mbolea za bakteria wangeanza kwa kumuuliza mteja pH ya udongo wake kabla ya kumkabidhi chupa.

Jaribio lililonifanya niandike makala hii lilikuwa la mihogo. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya kuotesha mihogo kwa vipande vya shina katika nyumba ya kuoteshea, mingine ikiwekewa GB03 na mingine ikiachwa. Baada ya siku 140, mihogo iliyopata bakteria ilikuwa imekua zaidi, majani yake yalikuwa yakitumia mwanga kwa ufanisi zaidi, na yalikuwa na chuma kingi zaidi. Watafiti walianza na hoja ambayo mlaji wa mihogo wa Coco Beach hataifurahia: mzizi wa muhogo una chuma kidogo mara 3 hadi 12 kuliko ngano, mahindi na mchele, ingawa watu zaidi ya nusu bilioni katika nchi za joto wanautegemea kwa wanga. Muhogo wa kukaanga wenye pilipili na chumvi ni chakula kizuri, nami naula, lakini usitegemewe kwa ajili ya damu.

Ongezeko lililoripotiwa katika jaribio hilo ni la majani. Kwa sehemu nyingi za dunia zinazolima mihogo, hiyo ni habari ya kati tu, kwa kuwa majani hayaliwi au huliwa kidogo. Kwetu majani ni kisamvu, kinachotwangwa kwenye kinu, kikachemshwa vya kutosha ili sumu yake ya sayanaidi iondoke, kikaungwa kwa nazi au karanga. Kwa hiyo matokeo ambayo mwandishi wa nchi nyingine angeyaona kama hatua ya kuelekea kwenye mzizi, mtu wa pwani anaweza kuyasoma kama jambo linalokaribia kufika mezani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, wakiwa na upungufu wa damu. Si upungufu wote huo unatokana na chuma, kwani malaria na minyoo vina sehemu yao, na chuma cha kwenye mboga za majani hakifyonzwi vizuri na mwili kama kile cha nyama au dagaa. Hata hivyo ndimu ikikamuliwa juu ya mboga husaidia, na kikombe cha chai kinachofuata chakula papo hapo huharibu. Sitaki kumpa bakteria sifa ya daktari. Ninachosema ni kwamba kama kuna zao ambalo kazi hii inastahili kujaribiwa katika mashamba ya Mkuranga, Kisarawe na Kigamboni, ni muhogo unaolimwa kwa majani yake pia, na jiji lina kituo cha Mikocheni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ambacho kimefanya kazi kubwa juu ya magonjwa ya virusi vya mihogo na kingekuwa mahali pa kawaida pa kuanzia.

Lipo pia kundi la bakteria ambalo halihitaji kutetewa, yaani rizobia wa jamii ya kunde, ambao Martinus Beijerinck aliwatenga maabara mwaka 1888. Hawa hujulikana kwa naitrojeni, lakini kazi yao imejengwa kwa chuma. Kimeng'enya kinachovunja naitrojeni ya hewani kina kiini chenye atomu 7 za chuma na 1 ya molibdeni. Na ule wekundu unaouona ukipasua kinundu cha mzizi wa karanga au kunde ni protini ya jamii moja na hemoglobini ya damu yetu, nayo ina chuma. Watafiti waliochunguza karanga kwenye udongo wa chokaa wa Thailand waliripoti mwaka 1988 kwamba upungufu wa chuma ulizuia vinundu kukua hata pale bakteria walipokuwepo. Mtu anayepanda kunde juu ya matumbawe akaziona za njano anaweza kuwa na matatizo mawili yaliyobebana: hakuna chuma cha jani, na hakuna chuma cha kinundu, hivyo naitrojeni nayo haiji. Ng'oa mche mmoja kwa jembe uma, taratibu, usivute kwa mkono kwa sababu vinundu hubaki ardhini; vipasue kwa ukucha. Vyekundu vinafanya kazi. Vyeupe bado ni vichanga au ni vya bakteria wasiofaa, na vya kijani au kahawia vimezeeka.

Kwa upande wa ununuzi, msimamo wangu ni mkali kidogo. Kunde hupokea rizobia wa aina nyingi waliokwishakuwemo kwenye udongo wa Afrika, na mara nyingi kuzinunulia bakteria ni kupoteza fedha. Soya ni tofauti, kwa sababu aina nyingi za soya huchagua rizobia maalumu wa jamii ya Bradyrhizobium ambao shamba lisilowahi kupandwa soya huenda halina, na huko kifurushi kidogo cha bakteria kinaweza kufanya kazi ya mifuko ya mbolea. Mradi wa N2Africa, wa kuwafikishia wakulima wa Afrika mazao ya jamii ya kunde na rizobia wake, ulioanza mwaka 2009 na kufika Tanzania pia, ulijengwa juu ya ukweli huo. Nje ya rizobia, soko limejaa chupa na vifurushi vyenye ahadi nyingi. Mradi wa COMPRO, kati ya 2009 na 2011, ulichunguza bidhaa zaidi ya 100 za aina hii katika Kenya, Ethiopia na Nigeria, na zilizothibitika kusaidia zilikuwa chache, rizobia wa soya wakiwa miongoni mwa waliofanya vizuri. Nyingi hazikuwa na vijidudu vilivyoandikwa kwenye lebo, au zilikuwa navyo vikiwa vimekufa, au vimechanganyika na vingine visivyotakiwa.

Suala la kufa ni kubwa katika joto letu. Rizobia na Pseudomonas hawana ganda la kujihifadhi, na kifurushi chao kikikaa Januari nzima kwenye kabati la kioo la duka la pembejeo linalopigwa na jua la mchana, anayekinunua ananunua mboji ya bei ghali. Bacillus wao, hali ikiwa mbaya, hujifunga ndani ya spora, gamba gumu linalostahimili joto na ukame, wakasubiri. Kwa sababu hiyo, kama mtu anataka kujaribu bakteria wa kununua Dar es Salaam na hana hakika na mnyororo wa ubaridi, Bacillus ndiye mwenye nafasi ya kumfikia akiwa hai. Kubaki hai udongoni baada ya hapo ni suala jingine. Bakteria wa chupa akimwagwa kwenye udongo uliokwishajaa wenyeji ni kama mgeni anayeshuka stendi ya Mbezi bila namba ya simu ya ndugu yeyote: anaweza kupata pa kulala, lakini mara nyingi siku chache tu zinatosha kummaliza. Anayewekwa kwenye mbegu au kwenye kipande cha shina, akawahi mzizi mchanga kabla ya wengine, ana bahati zaidi kuliko anayemwagwa kwa ndoo katikati ya msimu.

Kwa kuwa wenyeji tayari wapo kwa mamilioni, kazi yangu ya kwanza kwenye tuta ni kuwalisha. Samadi iliyooza vizuri, mboji na matandazo ya majani makavu huongeza chakula cha vijidudu, na vitu vinavyotokana na kuoza huko navyo hushika chuma kikabaki katika hali inayoweza kusogea kuelekea mzizini. Kifusi chenye zege huchaguliwa na kutolewa kabla ya kupanda. Maji ya mvua ya paa huhifadhiwa kwa ajili ya miche michanga na yale ya kisima hutumika kwa mimea iliyokwishakomaa. Mahindi machache hupandwa katikati ya karanga. Mwenye uwezo anaweza kununua mbolea ya chuma, lakini aangalie aina yake: ile yenye EDTA hupoteza uimara wake pH ikizidi takriban 6.5, ilhali EDDHA hustahimili udongo wa chokaa na bei yake hukuonyesha hivyo. Kuzika misumari yenye kutu chini ya mti, desturi ambayo bado naikuta, ni kuongeza kutu juu ya kutu. Udongo wetu hauna upungufu wa kutu.

Yule mama jirani sasa anataka tujaribu Bacillus kwenye mihogo yake kabla ya vuli, nami nimekubali kwa sharti kwamba tuifanye kwa namna itakayotupa jibu. Vipande vya shina vitatoka kwenye mimea ileile, vyenye urefu na idadi ileile ya macho, na vitapandwa kwa kupishana ndani ya tuta moja, si kundi moja huku na jingine kule penye udongo mzuri zaidi. Nusu itachovywa kwenye maji yenye bakteria. Nusu nyingine haitachovywa kwenye maji matupu, kwa sababu dawa nyingi za chupa zina molasi na madini ambayo peke yake yanaweza kulisha mmea na vijidudu vilivyopo, tukampa bakteria sifa isiyo yake. Itachovywa kwenye dawa ileile iliyokwishauawa bakteria. Na hapo mama alikuwa tayari ameinjika sufuria ya maji jikoni, ikabidi nimzuie, kwa sababu spora za Bacillus hustahimili maji yanayochemka. Zinahitaji joto la takriban nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, joto ambalo sufuria ya kawaida haiwezi kulifikia, kwa hiyo ameazima jiko la presha la binti yake.